Jina la Mzazi au Mlezi

Karani wa mapokezi hakusema neno. Aliigeuza fomu ili maandishi yanielekee mimi, kisha akagonga kalamu kwenye mstari wa kwanza.

"Kaka, mgonjwa ni nani hapa?"

Nikamwonyesha mpwa wangu. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, miaka sita, miguu haifiki chini, kiganja kimeziba sikio la kushoto. Sikio hilo lilikuwa limemwamsha tangu alfajiri. Mama yake, dada yangu, alikuwa amesafiri kikazi na kuniachia mtoto kwa siku nne.

"Sasa mbona umejiandika wewe?"

Nikatazama. Kwenye mstari wa jina la mtoto nilikuwa nimeandika jina langu, majina yote matatu, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Kwenye mstari wa jina la mzazi au mlezi nilikuwa nimeandika jina la mama yangu. Mahali pa sahihi nilikuwa nimepaacha wazi, nadhani nikimsubiri mama aje aitie.

Nina miaka 34. Nina ndevu ambazo tayari zina mvi mbili (nimezihesabu), nina mke, nina kazi, na kuna watu kazini kwangu ambao hawawezi kwenda likizo mpaka niseme ndiyo. Lakini fomu za namna ile nilizijaza nikiwa kijana mara nyingi sana, mama akiwa ameketi pembeni akinisomea tarehe, na mkono ulikuwa umekwenda wenyewe, kama punda anayeijua njia ya nyumbani. Karani alinipa fomu nyingine. "Hutokea," alisema, ingawa uso wake ulisema kwamba haijawahi kutokea.

Sikio lilikuwa na uambukizi wa kawaida. Alipewa dawa, na siku ya tatu alikuwa anaruka juu ya makochi. Ile fomu ya kwanza niliikunja nikaitia mfukoni, na jioni nikamwonyesha mke wangu ili tucheke. Tulicheka. Kisha akaacha kucheka kabla yangu, akaikunja tena vizuri na kuiweka juu ya meza kati yetu, na wote wawili tukajua imekuja kuungana na mazungumzo gani.

Kwa karibu miaka miwili sasa tumekuwa tukizungumza juu ya kupata mtoto. Mazungumzo huanza upya kila baada ya miezi michache, na kila mara huishia kwenye neno langu lilelile: bado. Bado ni neno zuri sana kwa mwoga. Halikatai, haliahidi, halina tarehe. Nikibanwa zaidi husema, "Sijakua." Nasema kwa mzaha, lakini si mzaha.

Siku chache baada ya ile fomu nilianza kulichunguza neno hilo, kwa sababu kuchunguza neno ni rahisi kuliko kujibu swali. Kiswahili kina hiki kiambishi kidogo, -ja-, ambacho kimebeba matumaini mengi kuliko ukubwa wake. Anayesema "sikufika" amemaliza safari. Anayesema "sijafika" bado yuko njiani, muwekeeni nafasi. Kwa hiyo kila niliposema "sijakua" nilikuwa nakopa siku za mbele: nilikuwa nadai kwamba ipo asubuhi fulani ambayo nitaamka, nitakaa kitandani, na kusema, "Nimekua."

Lakini ni nani umewahi kumsikia akisema hivyo? Watoto. Mpwa wangu husema kila wiki: mimi nimekua, mimi sasa ni mkubwa, siogopi tena giza. Watu wa umri wangu hawasemi. Tunasema sijakua, sijakua, sijakua, halafu siku moja goti linalia tukipanda ngazi na tunasema, "Nimezeeka." Kituo cha katikati kimerukwa. Nimejaribu kukumbuka mtu yeyote mwenye akili timamu aliyetangaza kwamba yuko pale, na sijampata.

Na angalia jina lenyewe tulilolipa kituo hicho: mtu mzima. Mtu asiye na ufa, aliyekamilika, asiyepungukiwa na kipande. Nikisalimiwa asubuhi "u mzima?" naitikia "mzima" bila kufikiri, lakini hapo nimeulizwa kama nina homa. Nikiitwa mtu mzima, natafuta kipande kinachokosekana.

Sheria, kwa upande wake, haina muda wa kusikiliza hisia za mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa 1989, unamhesabu mtoto kuwa kila binadamu aliye chini ya miaka 18, isipokuwa pale ambapo sheria inayomhusu inamhesabu mkubwa mapema zaidi. Nambari hiyo inaonekana kama imetoka mbinguni, lakini katika nchi nyingi ni ya juzi tu. England ilikuwa na 21, kisha sheria ya 1969 ikaishusha hadi 18, na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1970. Napenda kuwafikiria vijana wa miaka 18, 19 na 20 wa usiku ule. Walilala watoto, wakaamka watu wazima, wote kwa pamoja, bila kufanya lolote usiku huo isipokuwa kulala. Au kutolala, maana ulikuwa mkesha wa mwaka mpya.

Warumi wa kale walikuwa na busara ya aina nyingine. Mvulana wao aliyebalehe aliweza kuingia mikataba, lakini waliona kwamba kijana wa miaka 20 mwenye mali hulaghaiwa kirahisi, wakatunga sheria ya kumlinda mpaka afikishe 25. Siku hizi 25 imerudi kupitia mlango mwingine: ubongo. Utasikia watu wakisema ubongo hukomaa ukiwa na miaka 25, kama vile kuna kengele. Ukweli ni mpole zaidi ya hapo. Picha za MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, zimeonyesha kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohusika na kupanga mambo na kuzuia pupa, huchelewa kukomaa kuliko sehemu nyingine na huendelea kubadilika ndani ya miaka ya ishirini. Mwaka wa kengele haupo.

Kisha kuna Jeffrey Arnett, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 2000 alichapisha makala akidai kwamba katika jamii za viwanda kati ya miaka 18 na 25 kuna kipindi kinachojitegemea, si ujana wa shuleni na si utu uzima. Vijana wa umri huo walipoulizwa kama wamefikia utu uzima, wengi hawakusema ndiyo wala hapana. Walisema kwa namna fulani ndiyo, kwa namna fulani hapana. Na walipoulizwa ni nini kinachomfanya mtu awe mkubwa, hawakutanguliza ndoa, wala kumaliza masomo, wala kuzaa. Walitaja kubeba wajibu wa matendo yako mwenyewe, kufanya maamuzi yako mwenyewe, na kujitegemea kifedha.

Nilisoma hayo kwa furaha ya mshtakiwa aliyepata wakili, mpaka nilipopiga hesabu. Nimeipita 25 kwa miaka tisa. Hata udhuru wangu umekwisha muda.

Basi nikampigia simu baba.

Kuna usiku mmoja ambao nimeubeba tangu nikiwa na miaka sita. Mvua kubwa, radi, mama hayupo, na umeme ukakatika. Tulikuwa watoto watatu na tulilia kwa sauti tatu tofauti. Baba alichukua tochi, akavuta stuli hadi chini ya sanduku la fyuzi, akapanda, akafungua kifuniko. "Msisogee," alisema. Tukanyamaza. Alisimama pale muda mrefu, mgongo kwetu, mikono ndani ya sanduku, na sisi tukawa tunautazama mgongo ule kama watu wanaotazama mlima. Kisha taa zikawaka. Tukapiga makofi. Kwa miaka mingi niliwaambia wenzangu shuleni kwamba baba yangu anaweza kutengeneza umeme.

Nilichokuwa nimekipigia hesabu kabla ya kumpigia ni hiki: usiku ule baba alikuwa na miaka 31. Mlima wangu ni mdogo wangu kwa miaka mitatu.

"Baba, siku ile ya radi, fyuzi ilikuwa na nini?"

Ilibidi nimkumbushe. Alipokumbuka alianza kucheka, kile kicheko chake kinachoanzia mbali.

"Haikuwa na kitu. Umeme ulikatika mtaa mzima. Ulirudi wenyewe."

"Sasa ulikuwa unafanya nini pale juu?"

"Nilikuwa nimesimama."

"Muda wote ule?"

"Nilikuwa naogopa kushuka. Nikishuka mngeanza tena." Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mama yenu hayupo, nyinyi watatu mnalia. Ulitaka nikae chini tulie wanne?"

Nilikata simu nikiwa nimeudhika, na ilinichukua siku mbili kujua kwa nini. Hadithi za namna hii husimuliwa ili kumfariji mtu. Umewahi kuzisikia: hakuna mtu mzima, wote tunajifanya, baba yako alijifanya, babu yako alijifanya, jifanye na wewe na Mungu atasaidia. Rafiki yangu mmoja mwenye watoto wawili huniambia hivyo kila tukionana, na hunipiga bega. Sipendi faraja hiyo. Siipendi kwa sababu inaweka kila mtu kwenye kapu moja. Zipo nyumba ambazo hakuna aliyepanda kwenye stuli. Kila mmoja wetu anaijua angalau moja: nyumba ambayo mzazi alilia kuliko watoto, ambayo binti wa miaka tisa alikuwa ndiye anayejua funguo ziko wapi na nani asiamshwe. Watoto wa nyumba hizo hawacheki wanapoambiwa kwamba hakuna mtu mzima duniani. Wao walilijua hilo mapema mno, na waliligharamia.

Kwa hiyo swali si upuuzi. Ni haki ya mtoto kwamba kabla hajaja, mtu akae ajiulize: je, nimekua? Kosa langu lilikuwa mahali pa kulitazamia jibu. Nilikuwa nalitafuta ndani, kifuani, nikisubiri hisia fulani ya uzito, kitu kama nanga. Baba hakuwa nayo usiku ule. Alikuwa anaogopa, na mikono yake ndani ya sanduku haikuwa inafanya lolote. Ila alikuwa juu ya stuli.

Haya yote nilimwambia mke wangu, nikijiona nimefika mbali. Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni mtu anayesikiliza huku akifanya kitu kingine, na siku ile alikuwa anakunja nguo. Alipomaliza kukunja shati langu aliliweka juu ya mengine akasema, "Sawa. Sasa niambie unaogopa nini hasa. Usiniambie hujakua. Taja kitu."

Nikasema naogopa kutojua la kufanya mtoto akiugua. Akasema, "Ulijua. Ulimpeleka. Ulijiandika wewe, lakini ulimpeleka." Nikasema naogopa fedha. Akasema fedha anaziogopa yeye pia na hilo tulipangie siku yake. Nikasema naogopa kwamba sitampenda. Hapo aliniangalia kidogo, kisha akasema hapana, hilo umelisoma mahali. Ni kweli, nilikuwa nimelisoma mahali.

"Taja," akasema tena.

Nikakaa kimya.

"Hicho," akasema. "Hicho unachokifanya sasa."

Mimi hukiita kunyamaza. Yeye hukiita kususa. Neno lake ndilo sahihi, na ni neno la watoto: mtoto anayekerwa husukuma sahani, hugeukia ukuta, hukataa kuitwa. Mimi husukuma mazungumzo. Mwaka jana, mbele ya marafiki, mke wangu alisimulia jinsi nilivyopotea kwenye barabara ninayoipita kila siku. Kila mtu alicheka, nami nikacheka. Tulipofika nyumbani nilisusa siku tatu. Nilijibu sawa, hapana, nimechoka. Aliniomba radhi usiku uleule wa kwanza, na moyoni nilikubali, naapa nilikubali, lakini uso haukurudi. Ulikuwa kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua: hata aliyeufunga hawezi kuufungua. Siku ya pili nilikuwa nimeshasahau kilichoniudhi na nilikuwa nasusa kwa sababu nilikuwa nimeanza. Siku ya tatu nilikuwa nangoja mtu aje anitoe, na niliona aibu kwamba nangoja.

Hapo ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penyewe.

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alibuni jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi tangu wakati huo. Mama anakaa uso kwa uso na mtoto wake mchanga, wa miezi michache, wanacheza kama kawaida. Kisha mama anageuka pembeni kidogo, na anaporudi uso wake hauna kitu. Anamtazama mtoto lakini hatabasamu, haongei, haitikii. Dakika mbili hivi, basi. Mtoto huona mara moja. Kwanza hujaribu kumrudisha: hutabasamu, hutoa sauti, hunyoosha mikono, hutumia kila mbinu iliyowahi kufanya kazi katika maisha yake mafupi. Ikishindikana hugeuza uso pembeni. Humtupia mama jicho tena, kidogo, kama anayechungulia dirishani, kisha hugeuka tena. Wengine mwili mzima hulegea. Mama hajampiga, hajamfokea, hajaondoka. Amesusa tu, tena kwa kuelekezwa na watafiti.

Nilipousoma ufafanuzi wa jaribio hilo nilisimama, nikazunguka nyumba, nikarudi. Mke wangu ana lugha. Anaweza kusimama mlangoni akasema, "Umesusa, na nimeshaomba radhi, kwa hiyo nakwenda kulala." Mtoto wa miezi sita hana sentensi hiyo. Ana uso wake tu na mikono yake. Na mwenye miaka minne, ambaye ana sentensi, ataitumia kujilaumu: nimefanya nini?

Huyu ndiye mnyama niliyekuwa nimemficha chini ya lile blanketi kubwa la "sijakua". Blanketi lilikuwa linanifaa. Ukisema hujakua, unaonekana mnyenyekevu, watu wanakucheka kwa upendo, rafiki anakupiga bega. Na zaidi ya yote huna la kufanya, maana kukua hufanywa na wakati, unakaa unausubiri. Ukisema "mimi hususa siku tatu" hakuna anayekupiga bega. Anakuuliza utafanya nini.

Tronick hakuishia kwenye uso mtupu, na nusu ya pili imenisaidia zaidi. Jaribio lina sehemu ya tatu, ambapo mama anarudi. Na yeye na wenzake walipowatazama akina mama na watoto wa kawaida wakicheza bila kuingiliwa, waliona kwamba hata hao muda mwingi hawaendi sambamba. Mmoja anataka mchezo, mwingine amechoka. Mmoja anatabasamu, mwingine anaangalia taa. Wanapishana, wanakutana, wanapishana. Mtoto hujifunza mengi kwenye kule kukutana tena. Kwa hiyo sihitaji uso usiopotea kamwe. Nahitaji kujua njia ya kurudi, na niijue kwa dakika, si kwa siku.

Donald Winnicott, daktari wa watoto na mchambuzi wa nafsi wa Uingereza, alikuwa amefika karibu na hapo mapema zaidi. Tangu miaka ya 1950 aliandika juu ya mama anayetosha tu, asiye mkamilifu: mwanzoni humpatia mtoto karibu kila anachohitaji, kisha kidogo kidogo humpungukia, kwa kadiri mtoto anavyoweza kustahimili kupungukiwa. Kwake yeye kule kupungukiwa taratibu kuna kazi, maana ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba dunia haiko ndani ya kiganja chake. Winnicott mwenyewe hakuwa na mtoto. Sisemi kwa kumkejeli. Nasema kwa sababu mimi pia sina, na hapa naandika.

Kuna jambo moja la mwili ambalo wanaume wenzangu wanaosubiri kuwa tayari wanapaswa kulijua. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Lee Gettler walichapisha matokeo kuhusu wanaume 624 wa Ufilipino waliopimwa wakiwa na miaka 21 na nusu hivi, kisha wakapimwa tena karibu miaka mitano baadaye. Wale waliokuwa wameingia katika ndoa na kupata watoto katikati ya vipimo hivyo viwili walikuwa wameshuka testosteroni, homoni ya kiume, kuliko wale waliobaki bila mke wala mtoto, na baba waliosema wanamhudumia mtoto saa tatu au zaidi kwa siku walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasiomhudumia kabisa. Mimi si mwanabiolojia na sitaki homoni moja ibebe mzigo wa makala nzima. Lakini niliona mpangilio. Mtoto anakuja, kisha mwili unabadilika. Mimi nilikuwa nimekaa kituoni nikisubiri basi ambalo halianzi safari mpaka abiria awe ndani.

Wahenga wanasema ukubwa jaa, yaani jalala, mahali ambapo kila mtu anakuja kumwaga takataka zake. Nilikuwa nadhani ni methali ya kulalamika. Sasa naona inaeleza mahali tu. Haisemi mkubwa ni mwenye hekima wala mwenye nguvu. Inasema ni yule ambaye vitu vinatupwa kwake, naye hahami.

Nikirudi kwenye kususa. Tulikubaliana jambo dogo, mimi na mke wangu, dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika: nikijikuta nimefunga uso, niseme saa. Si lazima niseme kimenikera nini, si lazima niwe nimesamehe. Niseme tu, "Nitarudi saa fulani," na saa hiyo nirudi, hata kama mlango bado umevimba. Miezi mitano imepita. Nimesahau mara mbili. Mara nyingine nimetaja saa na nimerudi nikiwa bado nimekasirika, na ikawa sawa, kwa sababu aliyekasirika mbele yako ni bora kuliko aliyekasirika chumba cha pili.

Jumamosi iliyopita dada yangu alituletea mtoto tena. Jioni mimi na mke wangu tulipishana juu ya jambo la kipuuzi, kitu kuhusu nani aliahidi kumpigia nani simu, na nikahisi uso unafunga. Nikaenda kukaa sebuleni. Sikusema saa.

Mpwa wangu alikuja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akanichunguza kama fundi anayetazama mashine.

"Mjomba, umenuna?"

Nilitaka kusema hapana. "Ndiyo," nikasema.

"Utanuna mpaka lini?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu mwenye uzoefu, anayejua kwamba kununa ni kazi na kila kazi ina muda wake. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa mbili kasoro robo.

"Mpaka saa mbili," nikasema.

"Saa mbili ni mshale mkubwa ukifika juu?"

"Ndiyo. Juu kabisa."

Akapanda kwenye kochi, akakaa kando yangu, akanyoosha miguu isiyofika popote, akaanza kuutazama ukuta. Tulikaa hivyo. Kutoka jikoni nilisikia bomba likifunguliwa, likifungwa, likifunguliwa. Mara moja alinong'ona kwamba mshale umekwama, nikamwambia subiri, haujakwama, unaenda polepole. Alikuwa ameshika kidole changu kimoja, nadhani bila kujua.

"Umefika," akasema.

Uso wangu ulikuwa bado haujafunguka. Nikainuka, nikaelekea jikoni. Mke wangu alikuwa amenipa mgongo, mikono ndani ya maji. Nikasimama mlangoni, na nyuma yangu nikasikia miguu midogo ikishuka kwenye kochi kuja kuona itakuwaje.